Risasi Elfu Sita za Daktari Kehar Singh

Mke wangu, Marcelina Nchimbi, ameuguza watu miaka thelathini na minne, kumi Songea na ishirini na minne London, na katika muda huo wote hajajifunza kutaja choo kwa sauti ya chini. Wageni wanaokula kwetu Hounslow kwa mara ya kwanza huweka kijiko chini. Wale wa zamani huomba waongezewe mchuzi. Mimi napakia mizigo kwenye ndege pale Heathrow, kazi ambayo haina la kusimulia mezani, kwa hiyo mazungumzo nimemwachia yeye.

Alianza kazi kwenye kambi ya kipindupindu, akamalizia kwenye wodi ya magonjwa ya tumbo katika hospitali kubwa ya hapa. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya nne akaanza kuniuliza kila asubuhi nimekwenda mara ngapi na ilikuwaje. Nikamtafutia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtunza Mzee Mohinder Singh, kule Harrow, siku nne kwa wiki, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mzee ana miaka themanini na sita. Ni Kalasinga wa Morogoro, kazaliwa huko, alikuwa na gereji karibu na stesheni mpaka alipohama mwaka 1972, na Kiswahili chake kimebaki kilekile cha mwaka huo. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anaendelea kuyatukana magoti yake, la kulia kwanza. Anaishi na binti yake Rupinder, mfamasia, aliyeletwa London akiwa mtoto wa miaka mitatu. Rupinder anasikia Kiswahili chote, ila akijibu, nusu inatoka Kiingereza.

Mzee Mohinder alikuwa na hadithi moja. Watu wengine wana nyingi nusunusu. Yeye alikuwa nayo moja, nzima. Babu yake, Kehar Singh, alikuja Afrika Mashariki na jeshi la Wahindi katika vile vita vya Mwingereza na Mjerumani, akiwa daktari msaidizi. Msaidizi maana yake ni kwamba Mzungu ndiye alikuwa daktari na Kehar Singh ndiye alikuwa anafanya kazi. Mwaka 1917 walimpeleka kambi moja ya wapagazi wa jeshi nyuma ya Kilwa, msimu wa mvua, na huko, kwa mujibu wa hadithi, alitoa risasi kwenye miili ya watu chini ya mizinga, kwa mwanga wa taa ya chemni, bila dawa ya usingizi. Vita vilipokwisha alipewa nishani yenye kichwa cha mfalme. Karatasi iliyokuja na nishani ilisema "kwa utumishi bora", basi, haikufafanua. Lakini Mzee alikuwa na ushahidi uliofafanua, na ushahidi huo ulikuwa daftari.

Daftari hilo lilikaa kabatini pamoja na nishani, limeviringishwa kitambaa cha hariri, na halikuonyeshwa mtu ovyo. Marcelina alifanya kazi pale miezi minane akilisikia tu. Ndani yake, Mzee alimweleza, mlikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili, na mbele ya kila jina mistari midogo, siku kwa siku. Kila mstari ni risasi moja. Mzee alikuwa ameihesabu mistari yote mara tatu: akiwa kijana, alipofiwa na mkewe, na alipofanyiwa upasuaji wa jicho. Jibu lilikuwa lilelile, risasi elfu sita mia nne na kumi na mbili.

Mimi niliposimuliwa nilipiga hesabu. Watu mia mbili na kumi na wawili, risasi elfu sita na kitu, ni kama thelathini kwa kila mtu. Nikamwambia Marcelina kwamba Wajerumani walikuwa na shabaha nzuri sana au hao watu walikuwa wanene sana. Akaniambia nimheshimu mzee wa watu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alikuja mwanamke anaitwa Natasha, wa kikundi kidogo kinachokusanya habari za madaktari wa vita. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya siku moja kwenye ukumbi wa mtaa, Jumapili ya kuwakumbuka askari waliokufa. Wangekuja madaktari wa jeshi wa siku hizi, na sare zao na nishani zao, na Mzee Mohinder angesimama azungumze dakika kumi kuhusu babu yake. Daftari lingewekwa kwenye kioo. Natasha alikuwa ameshaandika kadi ya kuweka kando yake: Risasi 6,412, mkono wa mtu mmoja. Mzee aliisoma kadi hiyo, akamwomba aisome kwa sauti, kisha akamwomba tena.

Jumatatu iliyofuata, kwa furaha, alilitoa daftari kabatini akamwekea Marcelina mezani, katikati ya vidonge vya asubuhi. "Angalia, mama. Wewe mtu wa hospitali, utaelewa."

Marcelina akavaa miwani. Akaangalia ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. Na hapa ndipo mke wangu alipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote London nzima, kwa sababu mtu mwingine asingejua anachokitazama. Ameandika kurasa za namna hiyo zamu kwa zamu kwa miaka thelathini na minne. Mistari, siku, na pale penye mistari mingi, kiduara chekundu.

"Mzee," alisema, "hii ni chati ya choo."

Mzee akauliza nini.

"Chati ya choo. Huyu hapa, Kazimoto Feruzi. Jumatatu kumi na moja, Jumanne tisa, Jumatano sita, Alhamisi mbili, Ijumaa moja. Ni mara alizokwenda haja. Kiduara chekundu ni damu. Hawa watu walikuwa wanahara damu, Mzee. Mtu gani atatolewa risasi kumi na moja Jumatatu, na Jumanne apate nyingine tisa?"

 Mzee Mohinder alilifunga daftari, akaliviringisha kwenye hariri, na mikono yake ilichukua muda mrefu kufunga fundo. Kisha akasema, "Nenda nyumbani." Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Marcelina alikuwa hajamaliza kumpa vidonge.

Jioni Rupinder akapiga simu. Sikusogea, nikasikia vizuri. "Dada Marcelina, please. Sisemi ni uongo. Me, I always wondered. Lakini hiyo story ndiyo inamwamsha asubuhi. Gereji ilikwenda, Mama alikwenda, amebaki na babu yake. Halafu unamwambia babu yake alikuwa anahesabu... you know."

"Mavi," alisema Marcelina.

"Yes. Thank you." Akaomba Marcelina apumzike kidogo, mpaka maonyesho yapite.

Nami nikamgombeza, nakiri. Nikamwambia angenyamaza, si kila lililo mdomoni lazima litoke, mzee wa miaka themanini na sita anadaiwa ukweli na nani? Marcelina akasema mficha uchi hazai. Nikasema Mzee Mohinder hana mpango wa kuzaa. Tukala, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuna aliyetaja tumbo la mtu mezani. Niligundua kwamba sikupenda hivyo.

Alhamisi simu ikalia tena. Alikuwa Mzee mwenyewe, na hakusalimu. "Njoo," alisema. "Nina swali moja. Ukishajibu utaondoka."

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikampeleka Marcelina kwa gari. Nilitaka kubaki nje lakini kulikuwa na baridi, nikaingia, nikakaa kwenye kochi nikajifanya natazama televisheni iliyozimwa. Mzee alikuwa ameketi mezani, daftari liko wazi. Hakumtazama Marcelina. Aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Salehe Mponda. Jumatatu kumi na nne. Jumanne ishirini. Jumatano hakuna kitu, Alhamisi hakuna kitu, mpaka mwisho wa ukurasa. Huyu alipona?"

Marcelina akavuta kiti. Kuna sauti anayo ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa, naijua, ni ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayekuelekeza njia. "Hapana, Mzee. Anayepona hushuka ngazi. Tisa, sita, mbili, moja. Aliyekatika ghafla namna hii, amekufa."

Mzee akafungua ukurasa mwingine. "Na huyu?"

"Naye."

"Na huyu?"

"Naye, Mzee."

Wakaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimeacha kujifanya natazama televisheni. Mzee alikuwa amewawekea watu hao alama ya penseli miaka mingi nyuma, tiki ndogo, na ndipo akatueleza kwa nini. Hao ndio waliokuwa fahari yake. Katika hadithi, hao ndio babu alikuwa amewatoa risasi zote kwa siku moja au mbili, kazi ikaisha, hakuna cha kuongeza. Alipokuwa mtoto Morogoro, baba yake alimsomea majina hayo kama watu wasomavyo matokeo ya mpira. Walikuwa arobaini na mmoja.

"Miaka themanini nawapongeza," alisema. Akavua miwani, na nilimwona analia, bila kelele, na hakujificha. Niliona vibaya kuwa pale.

Marcelina hakumbembeleza. Aliendelea kufungua daftari, kwa sababu yeye akianza chati lazima aimalize. Kule mbele kidogo akakuta maneno yameandikwa pembeni kwa herufi za Kipunjabi, na michoro ya mashimo. Akamuuliza Mzee yanasemaje. Mzee alijua bila kusoma: mashimo mapya, futi kumi na mbili kwenda chini, hatua mia kutoka mtoni, udongo kila jioni, maji yote yachemshwe, asiyechemsha aletwe kwangu. "Ni mahandaki ya vita," alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kusikia anachokisema. Handaki gani la vita linafukiwa udongo kila jioni?

"Sasa angalia baada ya hapo," alisema Marcelina. Akahesabu kwa kalamu, mbele yake. Wiki ya kwanza waliokatika ni kumi na tisa. Wiki ya pili kumi na watatu. Mashimo yakachimbwa. Wiki ya tatu sita. Ya nne watatu. Ya tano hakuna. Ya sita hakuna. Watu mia moja na sabini na mmoja walishuka ngazi mpaka chini wakatoka.

"Mzee, mimi nimefanya kazi kambi ya kipindupindu yenye dripu na dawa na magari," alisema. "Sikupata mistari mizuri hivi. Huyu mtu alijua kazi."

Mzee akafikiri. "Nani anampa mtu nishani kwa kuchimba choo?"

"Mfalme, inaonekana."

Nilidhani yameisha, nikachukua funguo. Lakini Marcelina hakuinuka. Alikuwa amerudi mwanzo wa daftari na anapitisha kidole kwenye majina tu, safari hii bila kutazama mistari, moja moja, mpaka la mia mbili na kumi na mbili. Kisha akalisukuma kwa Mzee. Mzee akamuuliza anatafuta nini. Marcelina akasema babu wa baba yake alichukuliwa Songea mwaka huohuo kubeba mizigo ya jeshi, na hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema. Kwetu mtu hafi kwa kutoonekana. Anakufa siku mtu anapokuja, anakaa kitako, anasema fulani hatunaye, na waliopo wanaitikia tumesikia. Ndipo kilio kinaanza na ndipo matanga yanaanuliwa. Babu huyo hakuna aliyemsema, kwa hiyo hakuliliwa, na mkewe mpaka anazeeka alikuwa akipika ugali anabakiza kidogo. Mzee Mohinder amekulia Morogoro, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Yumo?" aliuliza.

"Hayumo."

Mzee akasema haya, akaomba vidonge vyake vya asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana.

Hakutuambia Jumapili atasema nini. Rupinder naye hakuambiwa. Natasha alipiga simu mara mbili kuulizia dakika kumi zake, na mara zote mbili Mzee alimwambia asiwe na wasiwasi, jibu ambalo kwa uzoefu wangu ndilo humpa mtu wasiwasi. Swali lilikuwa moja na wote tulilijua. Angeweza kusimama akatoa risasi zake elfu sita, watu wakapiga makofi, akarudi nyumbani na babu yake mzima. Hakuna mtu ukumbini ambaye angembishia. Marcelina alikuwa ameshaniapia kwamba hatafungua mdomo.

Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi. Kulikuwa na chai, biskuti, na watu kama sitini, wanane kati yao madaktari wa jeshi na nishani zao kifuani. Daftari lilikuwa kwenye kioo, na kadi kando yake: Risasi 6,412, mkono wa mtu mmoja. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi na kilemba kipya, na nishani ya babu upande wa kulia, kama inavyovaliwa ya marehemu. Rupinder alikaa mstari wa mbele, amekalia mikono yake miwili. Sisi tulikaa nyuma.

Mzee akaenda kwenye kioo, akamwambia Natasha afungue. Akatoa daftari. Akaichukua ile kadi, akaisoma tena, akaitia mfukoni. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba babu yake hakutoa risasi hata moja. Alisema kwamba alikaa kwenye matope miezi miwili akihesabu ni mara ngapi wapagazi weusi wanahara, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona haja ya kuwahesabu, kisha akawachimbia choo, na kwa hilo akapewa nishani. Alisema kwamba yeye mwenyewe amedanganya kuhusu jambo hilo tangu akiwa na miaka sita, na anaomba radhi, zaidi kwa babu yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Natasha alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. Daktari mmoja wa jeshi, mwanamke, tayari ana mvi, aliitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyeambiwa jambo alijualo.

"Sasa wapo ambao hawakupona," alisema Mzee. Na hapo akaacha Kiingereza. Hakuwaomba ruhusa. Alitafuta kwa macho mpaka akatupata nyuma, akafungua daftari, akaanza.

"Salehe Mponda. Jumatatu kumi na nne, Jumanne ishirini. Amefariki."

Sikuelewa mara moja. Marcelina alielewa. Alisema, kwa ile sauti yake ya wodi ambayo haijui kunong'ona, "Tumesikia."

Watu wakageuka kututazama. Mzee akaenda kwa anayefuata. "Masudi Chitanda. Jumapili tisa, Jumatatu kumi na nane. Amefariki."

"Tumesikia."

Hawakujua Kiswahili, wale watu, lakini lilipofika jina la kumi bibi mmoja mbele yangu aliweka kikombe chini, na lilipofika la ishirini wale madaktari wanane walikuwa wamesimama. Sijui nani alianza. Rupinder alikuwa ametoa mikono yake. Arobaini na mmoja ni wengi, ukiwasikia mmoja mmoja. Ilizidi dakika kumi kwa mbali na Natasha hakuangalia saa.

Alipomaliza alifunga daftari. Nilidhani atakaa.

"Na wa kwenu?" alisema.

Marcelina akasema, "Hayumo, Mzee. Nilishakwambia."

"Sikuuliza kama yumo. Nimeuliza jina."

 "Kapungu," alisema Marcelina. "Kapungu Nchimbi."

Mzee Mohinder akanyoosha koti lake. Hakuwa na ukurasa wa kusoma, kwa hiyo alitutazama sisi.

"Kapungu Nchimbi, wa Songea," alisema. "Alikwenda na mzigo wa jeshi. Amefariki."

Mke wangu amewaambia watu habari za vifo miaka thelathini na minne, na siku hiyo alikuwa ameshaitikia mara arobaini na moja bila sauti kutetereka. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Ukumbi wote ulikuwa unamngoja yeye, na Mzee anangoja, na jambo lile haliwezi kuachwa bila kupokelewa. Nimeoa katika ukoo huo miaka thelathini na moja. Nikaitikia mimi.

"Tumesikia, Mzee."